Mkalimani wa Maswali ya Mtambo Mkuu

Saa tatu asubuhi, ndani ya chumba kisicho na dirisha hata moja, mwanamke aliyevaa koti zito la sufu amesimama kati ya makabati mawili meusi yanayompita kimo. Feni zinavuma bila kupumzika. Baridi inamfanya kila anayeingia atie mikono mifukoni.

Mbele yake, fundi aliyetumwa na wauzaji wa mtambo anaeleza namna ya kubadilisha kifaa kilichochoka bila kuuzima mtambo wenyewe. Anaeleza kwa kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Vijana wawili wa zamu wamemsogelea, mmoja ameweka kiganja nyuma ya sikio, na bado wanaambulia nusu.

Mwanamke mwenye koti hapazi sauti. Mikono yake inapanda, inashuka, inazunguka hewani, na upande wa pili wa chumba msichana mwenye kitambulisho shingoni anafuata kila neno. Anauliza swali kwa mikono. Mwanamke anainama, analifikisha sikioni mwa fundi. Fundi anakuna kidevu kwanza kabla ya kujibu, ishara kwamba swali lilikuwa na uzito.

Kisha fundi na vijana wa zamu wanatoka kwenda kumalizia maneno yao kwenye korido, maana humu ndani hayasikiki. Wanawake wawili wanabaki, kila mmoja kwenye kona yake, wanapiga soga. Wanacheka. Mtambo unanguruma katikati yao na haujawapunguzia hata neno moja.

"Humu ndani wenye shida ya kusikia ni nyinyi," mwanamke anamwambia mwandishi wa makala haya baada ya kutoka, huku akivua koti.

Jina lake ni Nyusi, na halikutoka kinywani mwa mtu. Viziwi hawasumbuki na majina ya kwenye vyeti. Humtazama mtu, wakachagua kitu chake kimoja, wakakigeuza kuwa alama. Kwake waliona nyusi zake nene, zinazocheza kila anapozungumza, basi wakawa wanapitisha kidole juu ya jicho. Msichana wa kona ya pili huitwa kwa kidole kinachobonyeza shavu la kushoto. Yeye ni Dimpozi.

Dimpozi ni kiziwi tangu azaliwe. Leo ni mmoja wa wataalamu wanaoutunza mtambo mkuu wa shirika moja la bima, yaani ile kompyuta kubwa inayobeba kazi ya shirika zima na ambayo haizimwi, iwe sikukuu au msiba. Nyusi ni mkalimani wake wa lugha ya alama, anayeitwa panapokuwa na mafunzo au mkutano.

Wote wawili wanasema kazi ya Dimpozi ilipatikana siku moja, katika chumba kimoja cha usaili, na nusura ipotee humo humo kwa neno moja alilolikosea Nyusi.

*

Nyusi alijua kuongea kwa mikono kabla hajajua kuongea kwa mdomo. Mama yake ni kiziwi, fundi cherehani, na mpaka leo wanaishi pamoja kwenye nyumba ambayo sebule yake ndiyo karakana. Ukutani kuna rafu ya visanduku vidogo vilivyojaa vifungo na nyuzi.

Akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa mdomo wa mama mbele ya wateja.

"Mteja akimfokea mama, mimi ndiye niliyetakiwa kumfokea mama," anasema huku akicheka. "Nilikuwa napunguza. Mtu anasema gauni limeharibika kabisa, mimi namwambia mama, anasema likazwe kidogo kiunoni."

Mama aligundua. Mteja mmoja alikuwa ametoa macho, mishipa imemsimama, halafu binti anasema anaomba likazwe kidogo. Usiku huo mama alimkalisha chini.

"Aliniambia hayo maneno si yangu. Akasema, nipe yote. Mazuri yote, mabaya yote. Kazi ya kuchuja niachie mimi."

Kazi ya ukalimani imemfikisha Nyusi hospitalini, mahakamani, harusini na kwenye mazishi. Hulipwa kwa saa. Kuna mwezi huitwa mara kumi, na kuna mwezi simu inalala kimya kama imekufa. Mwezi wa namna hiyo hukaa kwenye cherehani ya pili na kumsaidia mama.

Siku moja akiwa kwenye cherehani hiyo, aliingia msichana na dada yake. Dada ana duka la kuchapa na kutoa kopi. Msichana alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta bila mkalimani hata siku moja, kwa kusoma madaftari ya wenzake na kukesha kwenye kompyuta ya dada yake duka likishafungwa. Lugha ya programu iitwayo C aliijua kutoka kwenye kitabu kilichochanika jalada. Alikuwa ameomba kazi sehemu nyingi.

"Sehemu moja walisoma fomu yangu, wakaona nimeandika kiziwi, wakasema watanipigia simu," Dimpozi anasimulia kwa mikono. "Nikawaandikia kwamba nitaisubiri."

Sasa shirika la bima lilikuwa limemwita kwenye usaili wa ana kwa ana. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nafasi ni moja, walioitwa ni kumi na wawili. Maswali yangekuwa ya mtambo mkuu, hifadhidata na lugha ya C.

Nyusi alikataa.

"Nilimwambia dada yake, mdogo wangu, mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi. Nikienda pale nitamzamisha mwenzangu."

Dimpozi alimgusa bega ili amtazame. "Usipokuja nitaenda peke yangu," alisema kwa mikono. "Wataniandikia swali la kwanza kwenye karatasi, la pili watachoka, la tatu wataandika pole na asante kwa kuja."

Mama mtu alikuwa ameona mazungumzo yote. Alinyanyua magauni yaliyokuwa yanasubiri pindo kwenye meza ya binti yake, akayahamishia kwake.

*

Tatizo la kwanza lilijitokeza siku hiyo hiyo. Maneno mengi ya kazi ile hayakuwa na alama. Kuna alama ya kuzaliwa, ya deni, ya rufaa, ya uchungu wa tumbo. Lakini utaionyeshaje kwa mikono sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo programu imeiazima kwa muda?

Unaweza kuliandika neno kwa vidole, herufi moja baada ya nyingine, lakini mtu anayejibu maswali mfululizo kwa namna hiyo atachoka kabla hajafika popote. Basi wakakaa kutunga. Dimpozi alieleza kitu, Nyusi akauliza mpaka kikamwingia, kisha wakatafuta mikono itakayokibeba.

Mama alikuwa mkosoaji. Hajawahi kugusa kompyuta, lakini alama mbaya anaijua. Walipomwonyesha alama yao ya kuendesha programu, aliacha kushona. "Hiyo ni ya kufukuza kuku," alisema.

Walipoweka kidole kichwani kumaanisha kumbukumbu ya kompyuta, alikataa tena. Mashine ina kichwa? Dimpozi akajaribu kumweleza kwa njia nyingine. Akaenda ukutani kwenye visanduku vya vifungo, akavigusa kimoja kimoja. Kila kisanduku kina mahali pake, na ndani yake unaweka kitu. Mama akaelewa. Alama ikawa hiyo: kiganja kilichosimama kama ukuta, na vidole vya mkono wa pili vikigonga safu kwa safu.

Kutoka hapo mengine yakafuata. Katika lugha ya C kuna kitu kiitwacho pointa. Chenyewe hakibebi kitu chako, kinabeba tu mahali kitu chako kilipo. Alama yake ikawa kidole kimoja kinacholenga kisanduku kwenye ule ukuta wa kiganja.

Mkwamo wa hifadhidata ndio uliowachekesha zaidi. Hutokea pale kazi mbili zinapong'ang'aniana, kila moja imeshika kile ambacho mwenzake anakihitaji, na hakuna inayoachia. Dimpozi alishika kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukashika wa kulia. Akavuta. Mikono haikuachana.

"Nilikaa nikimwangalia," Nyusi anasema. "Miaka yote natafsiri maneno ambayo wengine walishayatengeneza. Sikuwahi kuona neno likizaliwa mbele yangu."

*

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, ubao mweupe ukutani na viti vitano. Nyuma ya meza waliketi watu watatu. Mmoja alikuwa mkuu wa mtambo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Wa pili alikuwa mama anayesimamia hifadhidata. Wa tatu alikuwa afisa utumishi, aliyekuwepo kuhakikisha taratibu zinafuatwa.

Mzee ndiye aliyeanza. "Binti, kazi za usiku kwenye mtambo zikikatika katikati, wewe asubuhi unaanzia wapi?"

Dimpozi alijibu kwamba anaanza kwa kusoma taarifa ya mtambo, aone hatua ya mwisho iliyokamilika, aendelee kutoka hapo. Akirudia kutoka mwanzo, kuna watu watalipwa mara mbili. Nyusi alilitoa jibu kwa sauti kama lilivyokuja. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mama wa hifadhidata akauliza, "Mkwamo ni nini, na unatokaje?"

Mikono ya Nyusi ilinyanyuka, kisha ikaganda. Angefanya ile alama, vifundo viwili vimeshikana, angekuwa ameshalijibu swali kabla ya aliyeulizwa.

"Samahani," aliwaambia wasaili. "Alama ya neno hili ina jibu ndani yake. Naomba niliandike kwa vidole."

Afisa utumishi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Mama wa hifadhidata akasema sawa. Nyusi akaandika neno kwa vidole, herufi kwa herufi. Dimpozi aliipata maana, akatabasamu kidogo, akaeleza kwa kirefu: nani ameshika nini, nani anasubiri nini, na jinsi hifadhidata inavyochagua kazi moja, ikaifuta na kuirudisha mwanzo ili nyingine ipite. Jibu lilikaa sawa.

Yakafuata mengine, na yakapita. Kisha mzee akavua miwani. "Twende kwenye C. Umeazima nafasi ya kumbukumbu, umemaliza nayo, umeiachia. Ile pointa uliyokuwa nayo, inabaki na nini?"

Dimpozi alijibu haraka. Kiganja kikasimama, kidole kikalenga kisanduku, kisanduku kikaachiwa. Nyusi akasema, "Inabaki haina kitu. Inaelekeza patupu."

Mzee aliandika neno moja, akageuza ukurasa. Uso wake ulikuwa umefungwa.

"Nilijua kuna kitu kimeharibika," Nyusi anakumbuka. "Nikamtazama Dimpozi. Naye alikuwa ameusoma uso wa mzee, viziwi nyuso wanazisoma kuliko sisi. Lakini mikono yake haikuwa imeshuka. Kidole chake kilikuwa bado kimelenga pale pale kwenye kiganja."

Hapo ndipo ilipomwingia. Kidole hakikuelekeza patupu. Kilikuwa kinaelekeza kisanduku kile kile cha zamani, ambacho sasa si chake tena na pengine kimeshapewa mwingine. Patupu ni jambo jingine kabisa, lenye alama yake, na walikuwa wameitunga pamoja. Dimpozi alikuwa amejibu sawasawa. Sauti ndiyo iliyokosea.

Mzee alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza swali jingine.

Nyusi angenyamaza, kosa lingemwangukia msichana. Angesema, angeonekana anamsaidia.

Alisema. "Samahani. Jibu la mwisho nimelitoa vibaya. Kosa ni langu, si lake."

Afisa utumishi aliweka kalamu mezani. Hakuwa mkali, ila hakuwa na haraka. "Mama, hii ni mara ya pili. Sisi hatuijui lugha hiyo. Tutajuaje kwamba jibu jipya ni lake na si lako?"

Hapakuwa na namna ya kuthibitisha. Nyusi akageuka, akamfikishia Dimpozi mambo yote, neno kwa neno: swali, jibu lililokosewa, na shaka ya afisa. Hakupunguza.

Dimpozi alisimama. Alikwenda ubaoni, akachukua kalamu, akaandika mistari michache ya C. Mstari wa kuazima nafasi. Mstari wa kuiachia. Kisha pembeni akachora safu ya visanduku, na mshale kutoka kwenye pointa mpaka kwenye kisanduku kile kile, ambacho alikuwa amekipiga mistari kuonyesha kwamba si chake tena. Chini akaongeza mstari mwingine, unaofanya pointa ielekeze patupu kwa makusudi, ili kusitokee ajali.

Mzee alivaa miwani. Alisogea ubaoni taratibu, akachukua kalamu ya rangi nyingine, akaandika mistari yake sita chini ya ile. Dimpozi akaipitia kwa kidole. Akapigia duara mstari wa nne, akaurekebisha. Mzee akatingisha kichwa kwa furaha, akaandika mingine.

Mama wa hifadhidata naye akainuka. Akachora majedwali mawili, akaweka alama ya kuuliza katikati. Dimpozi akayaunganisha. Mama yule akafuta ubavu mmoja na kuligeuza swali, na Dimpozi akaligeuza jibu.

Hakuna aliyekuwa anazungumza. Kalamu zilikuwa zinalia ubaoni, mtu mmoja akimaliza anampisha mwenzake, mara mzee anacheka peke yake kwa kitu kilichoandikwa, mara wote watatu wamesimama wameukodolea macho mstari mmoja. Ubao ulijaa. Mzee akafuta nusu yake kwa mkono wa shati, wakaendelea.

Nyusi alikuwa ameketi amepakata mikono.

"Niliangalia huku na huku, nikaona mimi ndiye nisiyeelewa," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Watu wanaongea mbele yangu, wanabishana, wanataniana kabisa, na mimi sina hata neno. Maisha yangu yote nimekuwa mlango kati ya viziwi na wanaosikia. Siku ile mlango haukuhitajika. Walikuwa na lugha yao. Sikuona wivu. Nilisisimka mwili mzima. Nikasema moyoni, kumbe mama anakaaga hivi watu wakiongea, na kumbe kuna chumba duniani ambacho mtoto wa watu huyu hakai hivyo."

Mzee ndiye aliyekumbuka kwamba kuna mkalimani. Aligeuka, mikono imejaa wino. "Mama, tuwie radhi. Tumekuacha."

Kisha akamuuliza afisa utumishi kama ana swali la ziada. Afisa aliutazama ubao, akasema hana.

Afisa huyo ndiye aliyewasindikiza mpaka mlangoni. "Mama, nilikuwa na wajibu wa kuuliza," alimwambia Nyusi.

"Na mimi nilikuwa na wajibu wa kusema," Nyusi akamjibu. Wakapeana mikono.

*

Barua ya kazi, si simu, ilikuja baada ya siku chache. Dada mtu aliisoma dukani mbele ya wateja, akaitoa kopi nyingi kuliko zilizohitajika.

Dimpozi sasa anashika zamu kama wenzake. Vijana wa chumba cha mtambo wameanza kujifunza alama, kwanza za kazi, kisha za utani, na sasa, pasipo mgeni, hawatoki tena kwenda kuongea koridoni. Mzee wa mtambo amestaafu. Kabla ya kuondoka alimwachia Dimpozi miwani yake ya akiba, ingawa macho ya binti hayana tatizo lolote.

Mwandishi alipoomba kuzungumza na Dimpozi, ilibidi Nyusi ndiye atafsiri.

"Nyusi ni king'ang'anizi," Dimpozi alisema kwa mikono, na Nyusi akasema kwa sauti iliyokuwa inafifia. "Alipokosea alisema amekosea mbele ya watu wenye kazi yangu mkononi. Wakalimani wengi wangejisitiri. Mimi namwamini kuliko ninavyoyaamini macho yangu." Nyusi akamalizia: "Anasema pia niache kuona haya, nitafsiri vizuri."

Miezi michache iliyopita Nyusi alisafiri kwenda kutafsiri kwenye mkutano wa viziwi, mji wa mbali ambako hajulikani. Wakati wa chakula aliwaona vijana wawili kwenye meza ya jirani. Mmoja alikuwa anasimulia ugomvi wa kaka yake na shemeji yake. Alipofika penye kiini cha ugomvi, alishika kifundo chake cha mkono kwa mkono mwingine, mikono yote miwili ikashikana, akavuta. Mwenzake akaangua kicheko.

Nyusi aliwafuata, akauliza wameitoa wapi alama ile. Walishangaa swali. Ni alama tu, walimwambia, ya watu waliokwamana. Watu wanaitumia.

"Nilirudi kwenye kiti changu, nikasahau chakula," anasema. "Neno lililozaliwa sebuleni kwetu, kati ya magauni ya watu, limesafiri mpaka pale bila nauli. Na wala halikumbuki lilikotoka."

Kila Jumamosi sasa sebule ile hujaa. Wanakuja viziwi wanaosomea uuguzi, umeme, uhasibu, kila mmoja na maneno yake yasiyo na alama. Wanatunga, wanarekodi kwa simu, wanawatumia wengine. Mama bado anakosoa, na hamwonei mtu haya. Nyusi anawafundisha wakalimani vijana watano, na jambo la kwanza wanalojifunza kwake ni namna ya kuusimamisha usaili na kusema, nimekosea.

Mwezi ujao shirika la bima litafanya usaili mwingine. Dimpozi ameteuliwa kuwa mmoja wa wanaouliza maswali, na kati ya walioitwa kuna viziwi watatu. Nyusi ameombwa aje. Anasema ataenda, lakini anachokitamani ni kitu kingine, na anakieleza taratibu kwa mdomo huku mikono nayo ikikisema, kama ambaye hataki mtu yeyote akikose.

"Natamani siku moja niingie kwenye chumba kama kile, mtu aanze kujibu, na mikono yake itumie maneno ambayo sijawahi kuyaona. Mazuri kuliko yetu. Nishindwe kutafsiri, nimwombe asubiri, anifundishe."